Mbegu za Asklepia Zilizokataa Kuota

Msomaji anayeishi katika jimbo la Iowa, Marekani, ameuliza: "Septemba iliyopita nilichuma maganda mengi ya ile mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa inayoota kando ya shamba la jirani yangu, ambayo huku inasifiwa kuwa ndiyo chakula cha viwavi wa kipepeo monaki. Niliyafunga kwenye mfuko wa plastiki, nikauweka kabatini, na mwezi wa Mei nikamwaga mbegu zake juu ya nyasi za uani. Hadi leo haujachomoza hata mche mmoja. Rafiki yangu alinunua pakiti ya mbegu za jamii hiyohiyo, na zake ziliota ndani ya wiki mbili. Je, mbegu zangu zilikuwa mbovu? Mwaka huu nifanyeje ili niwasaidie vipepeo na nyuki?"

Ndugu msomaji, sidhani kwamba tatizo kubwa lilikuwa ubovu wa mbegu. Katika maelezo yako naona mambo manne yaliyoweza kukuangusha, yaani maganda kuchumwa pengine kabla hayajakomaa, mfuko wa plastiki, mbegu kukosa baridi yenye unyevu, na nyasi za uani. Lolote kati ya hayo linatosha kupunguza mavuno ya miche. Yakikutana yote manne, ni ajabu ukiona hata mche mmoja.

Kwanza tukubaliane juu ya jina, kwa sababu Kiswahili hakina jina moja lililozoeleka la mimea hii. Nitaiita asklepia, kutokana na jina la kisayansi Asclepias ambalo Carl Linnaeus aliliandika mwaka 1753 akimkumbuka Asclepius, mungu wa uganga wa Wagiriki wa kale. Wamarekani huiita gugu la maziwa, na kwa maoni yangu neno hilo "gugu" limeiponza mimea hii vya kutosha, kwani kitu kikishaitwa gugu mkono hauchelewi kukifyeka. Amerika ya Kaskazini ina zaidi ya spishi 100 za asklepia, na jike wa monaki hutaga karibu mayai yake yote juu ya mimea hiyo, kwa kuwa viwavi wake hawawezi kukua kwa kula majani ya mimea mingine ya kawaida. Kuanzia mwaka 1996, soya na baadaye mahindi yaliyobadilishwa vinasaba ili yastahimili dawa ya magugu aina ya glaifoseti yalienea katika majimbo ya katikati ya Marekani, na asklepia zilizokuwa zikiota kati ya mistari ya mazao zikatoweka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba katika eneo hilo, ambalo jimbo lako limo, asklepia zilipungua kwa asilimia 58 kati ya mwaka 1999 na 2010. Katika misitu ya milimani ya Mexico ya kati, ambako monaki wa mashariki mwa Amerika ya Kaskazini huhamia kupitisha majira ya baridi, eneo walilofunika msimu wa 1996 hadi 1997 lilikuwa takriban hekta 18. Msimu wa 2013 hadi 2014 lilikuwa hekta 0.67 tu. Zipo sababu nyingine za kupungua huko, lakini upungufu wa asklepia ndio ambao mtu mwenye ua wa nyumba anaweza kuushughulikia kwa mikono yake.

Sasa nije kwenye baridi, ambayo ndiyo kiini cha jibu langu. Asklepia ya Iowa hukomaza mbegu kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba. Kama mbegu hiyo ingeota mara tu inapoanguka, mche wake ungekutana na jalidi ukiwa na majani mawili na ungekufa. Kwa hiyo mbegu imeumbwa kusubiri: hailegezi usingizi wake mpaka imelala muda wa kutosha katika udongo wa baridi wenye unyevu, ikapata ishara kwamba majira ya baridi yamepita. Zingatia kwamba masharti ni mawili na yanakwenda pamoja. Kabati lako lilikuwa kavu na, naamini, lenye joto la nyumba, kwa hiyo mbegu zako zilifika Mei zikiwa bado katika mwezi wa Septemba. Hata kama ungeziweka kwenye jokofu zikiwa kavu, zingehifadhika vizuri lakini nyingi zingebaki na usingizi wake, maana mbegu isiyofyonza maji haihesabu siku za baridi.

Hapo ndipo tunapopata pia maelezo ya mafanikio ya rafiki yako. Pakiti zinazouzwa kwa wingi na kuota upesi mara nyingi huwa za Asclepias curassavica, yenye maua mekundu na manjano, ambayo asili yake ni nchi za joto za bara la Amerika. Mmea huo haujui majira ya baridi, hivyo mbegu zake hazina cha kusubiri. Huko Iowa jalidi litaua mimea yake kila mwaka, na madhara yake si makubwa. Katika maeneo ya kusini yasiyo na baridi kali, kama pwani za Florida na Texas, asklepia hiyo hubaki kijani mwaka mzima. Baadhi ya monaki huacha kuhama na kuendelea kuzaliana hapohapo, na spora za kimelea kiitwacho Ophryocystis elektroscirrha hurundikana juu ya majani yasiyopukutika, viwavi wakazila, na vipepeo wakatoka kwenye pupa wakiwa dhaifu au na mabawa yaliyopinda. Sisemi ugombane na rafiki yako. Nasema tu kwamba kasi ya kuota isikushawishi, kwa sababu kule kuchelewa kunakokukera ndiko kulikoifanya asklepia ya kwenu idumu kwenu.

Kabla hujachuma tena, hakikisha unachochuma. Kwa maelezo yako naamini ulikutana na Asclepias syriaca, ambayo ndiyo inayoonekana zaidi kando ya barabara na mashamba ya Iowa. Shina lake huwa moja lisilo na matawi, majani ni mapana, yamekaa mawili mawili yakitazamana, yana manyoya laini upande wa chini, na ganda la mbegu ni nene, limechongoka nchani na limejaa vinundu laini. Mmea unaowapoteza watu wengi ni Apocynum cannabinum, ambao nao hutoa utomvu mweupe na hukaa katika mazingira yaleyale. Shina lake la juu hugawanyika matawi, na maganda yake ni membamba kama penseli, yakining'inia mawili mawili. Mmea huo ni wa asili na una faida zake kwa nyuki, ila hautalea kiwavi wa monaki. Wa kuogopwa ni mtambaazi Vincetoxicum nigrum, ulioletwa kutoka Ulaya. Maganda yake yanafanana na ya asklepia yaliyokondeana, mbegu zake nazo zina nyuzi nyeupe, na monaki wakati mwingine hutaga juu yake, kisha viwavi wote hufa. Ukiona shina linalojisokota kwenye ua au kichaka, usichukue mbegu zake hata moja.

Yako pia makatazo. Iowa ni mojawapo ya majimbo machache inakoota Asclepias meadii, ambayo tangu mwaka 1988 imo katika orodha ya serikali kuu ya Marekani ya mimea iliyo hatarini. Hiyo hukaa katika mabaki ya mbuga za nyasi ambazo hazijawahi kulimwa. Majani yake ni laini yasiyo na manyoya, na shina hubeba kichala kimoja tu cha maua kilichoinama kileleni. Ukihisi umeiona, iache ilivyo. Katika hifadhi za taifa huruhusiwi kuchukua mbegu bila kibali, na kwenye ardhi ya mtu omba ruhusa hata kama mwenyewe anauona mmea huo kuwa takataka.

Kuhusu uchumaji, tamaa ndiyo kosa la kwanza la kila mwanafunzi. Ganda moja la Asclepias syriaca hubeba mbegu 200 hivi, kwa hiyo maganda matano yaliyokomaa vizuri yanakupa mbegu zipatazo elfu moja, ambazo zinazidi mahitaji ya ua wa kawaida. Kanuni inayofuatwa na wakusanyaji wengi ni kutochukua zaidi ya moja ya tano ya mbegu zilizopo mahali fulani, na mimi hupendelea kuchukua pungufu ya hapo. Jambo la muhimu zaidi ni kuchuma kutoka makundi mbalimbali ya mimea. Asklepia hii husambaa kwa mashina yanayotambaa chini ya ardhi, kiasi kwamba kichaka chenye mashina hamsini kinaweza kuwa mmea mmoja tu, na mmea huo hauwezi kujichavusha wenyewe. Chavua yake haitawanyiki kama unga. Imefungwa katika vifuko vidogo vilivyounganishwa viwili viwili, na kifuko hunasa kwenye mguu wa nyuki-bambi (nyuki mnene mwenye manyoya), nyigu au kipepeo unapoteleza ndani ya ufa wa ua, kisha husafiri naye hadi ua la mmea mwingine. Wadudu wadogo wasio na nguvu ya kujinasua wakati mwingine huonekana wakiwa wamekufa wananing'inia mguu. Ndiyo sababu unaweza kuona kichaka kizima kilichochanua sana na kisicho na maganda hata matatu. Ukichukua mbegu za kichaka kimoja tu na kuzipanda mbali na asklepia nyingine, miche yako yote itakuwa ndugu wa mama mmoja. Ukichanganya za makundi manne au matano, unapanda jamii inayoweza kuzaana vizuri miaka ijayo.

Ukomavu hupimwa kwa kidole wala si kwa kalenda. Tafuta ganda lililoanza kupoteza kijani chake na kuelekea kijivu au manjano, kisha libonyeze taratibu kwenye mshono wake. Likipasuka lenyewe kwa msukumo mdogo, na ndani ukaona mbegu za rangi ya kahawia zilizojipanga kama magamba ya samaki, limeiva. Likikulazimu kutumia nguvu, au mbegu zikiwa nyeupe au kijani, umewahi mno, na mbegu za namna hiyo hazitaiva zikiwa mfukoni. Ni vigumu kuotea siku hiyo kamili, kwa maana ganda likishapasuka lenyewe upepo hulimaliza upesi. Wanaoishi mbali na mimea yao hulifunga ganda lililokaribia kuiva kwa uzi au mpira mwembamba katikati, likipasuka mbegu zisipotee.

Vaa glavu. Utomvu wa asklepia una sumu zinazoathiri moyo, zilezile ambazo kiwavi huzihifadhi mwilini ili ndege wamkatae, na ukiingia jichoni unaweza kuumiza kioo cha jicho na kukuachia ukungu wa macho kwa siku kadhaa. Usijifute uso kabla ya kunawa mikono.

Weka maganda kwenye mfuko wa karatasi, kamwe si wa plastiki, maana ganda bichi lina maji mengi na plastiki huyageuza kuwa ukungu unaoozesha mbegu. Mfuko ukae wazi mahali pakavu penye hewa kwa wiki moja au mbili. Andika juu yake spishi, mahali na tarehe siku hiyohiyo, kwa sababu mwezi mmoja baadaye hutakumbuka. Usishangae kuona wadudu wekundu wenye mabaka meusi wakitoka humo. Hao ni Oncopeltus fasciatus, ambao hufyonza mbegu changa, na mbegu walizozifyonza hubaki bapa na zilizosinyaa. Zitupe hizo. Mbegu njema ni ngumu, ya kahawia iliyokoza, na imenenepa kidogo katikati.

Kutenganisha mbegu na nyuzi zake ni rahisi ukifanya kabla nyuzi hazijafumuka: fungua ganda, shika kwa nguvu ncha ya ule mkungu wa nyuzi, kisha zikwangue mbegu kwa kidole gumba kutoka upande wa pili. Nyuzi zikishafumuka, weka vyote katika mfuko wa karatasi pamoja na sarafu chache, tikisa kwa dakika kadhaa, halafu toboa pembe ya chini, mbegu zitashuka na nyuzi zitabaki. Fanya kazi hiyo nje ukiwa na barakoa. Nyuzi hizo ni ndugu wa karibu wa sufi kwa matumizi, ingawa si kwa ukoo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, sufi ya msufi iliyokuwa ikitoka Java ilipokatika kwa sababu ya uvamizi wa Wajapani, watoto wa Marekani na Kanada walitumwa kukusanya maganda ya asklepia ili kujazia maboya ya kuvaa ya mabaharia, kwa wito kwamba mifuko miwili inaokoa maisha ya mtu mmoja.

Upandaji una njia mbili, na kwa hali yako ningechagua ya kwanza bila kusita. Njia hiyo ni kupanda mwishoni mwa majira ya kupukutika kwa majani, mnamo Novemba, udongo ukiwa umeshapoa kiasi kwamba mbegu haiwezi kuota kabla ya theluji. Majira yenyewe yatazilaza mbegu zako bila wewe kuhesabu siku. Hasara yake ni kwamba panya na ndege watakula baadhi, kwa hiyo panda nyingi kuliko unazohitaji. Njia ya pili ni kuzilaza mwenyewe: changanya mbegu na mchanga mnyevu, au zikunje katika karatasi ya jikoni iliyolowekwa na kukamuliwa, zitie katika mfuko usiofungwa kabisa, kisha uziweke kwenye jokofu, mahali pasipogandisha, kwa muda wa wiki nne hadi sita. Hapa plastiki inaruhusiwa, kwa sababu sasa unautaka unyevu. Karatasi isiwe inachuruzika maji, na ukiona ukungu osha mbegu na ubadilishe karatasi. Ukizitoa, zipande mara moja penye joto la nyuzi 21 au zaidi za Selsiasi, na kwa kawaida utaanza kuona miche baada ya siku saba hadi kumi na nne.

Kwa njia yoyote ile, mbegu iguse udongo. Nyasi zako za uani zina mizizi iliyosongamana ambayo mche mchanga hauwezi kushindana nayo, na mbegu iliyokaa juu ya majani ya nyasi hukauka kabla haijapeleka mzizi chini. Chagua mahali panapopata jua kwa saa sita au zaidi kwa siku, ondoa nyasi zote pamoja na mizizi, au zifunike kwa turubai kuanzia kiangazi mpaka zife, kisha lainisha udongo wa juu tu. Tawanya mbegu, zifukie kwa udongo usiozidi nusu sentimita, na ukanyage juu yake kwa miguu. Sioni faida kubwa ya yale madonge ya udongo na mbegu yanayorushwa vichakani, mbali na kuwafurahisha watoto.

Chagua pia spishi inayofaa ardhi yako. Asclepias syriaca itatawala ua mdogo ndani ya miaka michache, kwa hiyo ipande kando, mbali na bustani ya mboga. Penye udongo mnyevu, Asclepias incarnata hustawi na haisambai ovyo. Penye udongo mkavu wa kichanga, Asclepias tuberosa yenye maua ya rangi ya machungwa inafaa, ingawa mzizi wake mkuu huzama chini sana na haipendi kuhamishwa ikishakua. Mbegu zote tatu huhitaji utaratibu uleule wa baridi. Kama unapakana na malisho au shamba linalokatwa nyasi za kukaushia mifugo, usipande upande huo: ng'ombe na kondoo huuepuka mmea mbichi wakiwa na chakula kingine, lakini ndani ya nyasi kavu hawautambui, na sumu yake inabaki.

Mwaka wa kwanza mche utajenga mizizi zaidi kuliko majani, na maua huja mwaka wa pili au wa tatu. Usichimbe mapema majira ya machipuko kwa kudhani mmea umekufa, kwa sababu asklepia huchelewa kutoka ardhini kuliko mimea mingi. Vidukari vya rangi ya manjano vitakuja, na jibu lake ni maji ya mpira wa bustani tu, baada ya kukagua kama kuna mayai ya monaki, maana dawa inayoua vidukari huua pia viwavi. Majani yakitobolewa na kuliwa hadi kwenye mshipa, mpango wako umefaulu.

Kwa kuwa umeuliza pia juu ya nyuki, panda pamoja na asklepia maua yanayochanua baada yake, kama Liatris, Solidago na Symphyotrichum novae-angliae. Monaki wanaoondoka Iowa mwezi wa Septemba wanakwenda zaidi ya kilomita 2,000, na wakati huo hawatafuti majani ya kutagia bali nekta ya kujaza mafuta mwilini, ilhali asklepia nyingi zimeshamaliza kuchanua. Malkia wa nyuki-bambi wanaojiandaa kwa baridi wanayahitaji maua hayohayo.

Mbegu zitakazobaki zihifadhi zikiwa zimekauka kabisa, katika chupa iliyofungwa, ndani ya jokofu, na uzitumie ndani ya miaka michache kwa kuwa uwezo wa kuota hupungua taratibu. Kama ni nyingi mno, mradi wa Monarch Watch wa Chuo Kikuu cha Kansas, ulioanzishwa mwaka 1992, hupokea mbegu kutoka kwa wananchi, hukuza miche na kuirudisha katika kanda ileile mbegu zilikotoka. Watakuuliza spishi, wilaya na tarehe ya kuchuma, nayo ni maandishi yaleyale niliyokuomba uyaweke juu ya mfuko wa karatasi.